Kufuta Ufunguo Kwenye Hifadhidata: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Kilima cha Mbuya kiko mashariki ya Kampala, katika divisheni ya Nakawa. Wengi hukijua kwa kambi na hospitali ya jeshi. Kilima hichohicho ndiko parokia ya Katoliki ya Our Lady of Africa ilikoanzisha Reach Out Mbuya mwaka 2001, kuwahudumia watu wanaoishi na VVU katika mitaa ya kilimani na ya mabondeni. Miaka ile dawa za kufubaza virusi zilikuwa adimu, na jina la mtu kuonekana kwenye daftari la kliniki lilitosha kumharibia kazi au ndoa. Tangu hapo kliniki nyingi za Uganda zimehamisha daftari hilo kwenye kompyuta. Swali la nani anaweza kulisoma jina sasa liko mikononi mwa fundi anayeandika amri kwenye dirisha jeusi.

Siku moja fundi huyo huambiwa: "Ondoa zile funguo za usimbaji kwenye databesi." Pengine seva inahamishwa. Pengine mradi umekwisha na mashine zinagawiwa kwa wengine, au mtumishi aliyekuwa na nywila zote ameondoka. Agizo ni fupi na skripti yake haizidi mistari michache, lakini kuna imani kadhaa zinazozunguka kazi hii ambazo zimewaponza watu. Nazichukua moja moja.

"Mfumo una ufunguo wa usimbaji, kwa hiyo majina ya wagonjwa yamefichwa."

SI KWELI. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowapa viongozi wa vituo utulivu wasiostahili kuwa nao.

Chukua OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004. Mizizi yake iko hapa kwetu Afrika Mashariki: kabla yake kulikuwa na mfumo wa kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, uliozinduliwa mwaka 2001, na mwaka 2006 AMPATH, mpango wa huduma za VVU wa Eldoret, ukahamia OpenMRS yenyewe. UgandaEMR, unaotumika katika kliniki za VVU nchini Uganda, umejengwa juu yake. Ukifungua faili la mipangilio liitwalo openmrs-runtime.properties utaona mistari miwili, encryption.key na encryption.vector. Anayeiona hupumua: kumbe data imesimbwa!

Haijasimbwa. Ufunguo huo hutumika kwa mambo machache ambayo programu imeamua kuyaficha, kama nywila za kuunganisha mfumo na mfumo mwingine. Majina ya wagonjwa yanakaa katika jedwali la person_name, jina la kwanza na la ukoo, katika herufi za kawaida kabisa. Mtu akipata nakala ya hifadhidata, hahitaji ufunguo wowote kuyasoma. Nywila za watumishi nazo ni jambo jingine. Zimesagwa kwa hesabu ya njia moja, pamoja na chumvi yake, yaani herufi za nasibu zinazoongezwa kwenye nywila, na hesabu hiyo haina ufunguo wa kuirudisha nyuma.

Basi fundi akiufuta ufunguo ule akidhani ameyafunga majina milele, hajafunga hata moja. Kinachoweza kuyalinda ni usimbaji wa ngazi ya chini zaidi: wa diski nzima, kama LUKS kwenye Linux, au wa majedwali yenyewe ya MySQL, programu ya hifadhidata ambayo OpenMRS huitumia. Hivyo vyote lazima mtu aviwashe. Havijiwashi.

"Ufunguo unakaa ndani ya hifadhidata."

INATEGEMEA, na jibu lazima lipatikane kabla ya amri ya kwanza kuandikwa.

Katika OpenMRS, kama tulivyoona, uko kwenye faili nje ya hifadhidata. MySQL ikisimba majedwali, kila faili la jedwali lina ufunguo wake, ambao nao umefungwa kwa ufunguo mkuu. Ufunguo mkuu huo hukaa katika hazina ya funguo, ambayo kwa mpangilio rahisi ni faili tu kwenye diski ileile. Katika SQL Server, programu ya hifadhidata ya Microsoft, ufunguo wa hifadhidata uko ndani ya hifadhidata yenyewe, lakini cheti kinachoufungua kimewekwa katika hifadhidata nyingine iitwayo master. LUKS huweka funguo zake mwanzoni mwa diski, katika vijisanduku ambavyo kila kimoja hufunguliwa kwa nywila yake.

Upo pia mfano ambao ufunguo kweli ni safu ndani ya jedwali: Reporting Services ya Microsoft, inayotumika kutoa ripoti katika ofisi nyingi. Hifadhidata yake ina jedwali liitwalo Keys, na kila seva iliyojisajili ina safu yake humo. Seva ikihamishwa kwenda mashine mpya, safu ya ile ya zamani hubaki. Toleo la bei nafuu la programu huiona, hudhani seva zimekuwa mbili, na hukataa kufanya kazi. Hapo ndipo fundi huifuta safu ya mashine iliyokufa, kwa amri ya SQL au kwa programu ndogo ya rskeymgmt yenye alama ya -r. Kuondoa ufunguo wa aina hii hakuna madhara, maana ni kuondoa usajili tu.

Programu hiyohiyo ina alama nyingine, -d. Hiyo hufuta funguo zote pamoja na kila kilichosimbwa kwazo: nywila zilizohifadhiwa, anwani za kuunganisha ripoti na data. Kati ya usafi wa kawaida na uharibifu pana herufi moja tu, na mashine haijui ulikusudia ipi.

"Kufuta ufunguo hakugusi data."

SI KWELI. Hakuna kauli katika orodha hii iliyo hatari kuliko hii.

Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba usiri wa mfumo unapaswa kutegemea ufunguo peke yake, hata kama adui anaijua njia nzima ya usimbaji. Mifumo ya leo imejengwa kwa kanuni hiyo, na matokeo yake hayakwepeki: ufunguo ukipotea, mwenye data anakuwa sawa na adui. Ufunguo wa biti 256 ni baiti 32, usiojaza hata mstari mmoja wa maandishi. Ukipotea wenyewe, rekodi za miaka ishirini zinabaki kwenye diski, baiti kwa baiti, na hakuna kompyuta duniani inayoweza kuzisoma.

Mpangilio sahihi, kama nia ni kuachana na usimbaji huku data ikibaki, ni kusimbua kwanza na kufuta ufunguo baadaye. SQL Server inalinda mpangilio huo: unazima usimbaji, unasubiri hadi mashine imalize kusimbua kurasa zote, ndipo unaruhusiwa kuufuta ufunguo. Ukiharakisha, inakataa. MySQL haikulindi namna hiyo. Ni juu yako kupita jedwali kwa jedwali na kuandika ALTER TABLE pamoja na ENCRYPTION='N', kuhakiki, kisha kuigusa hazina ya funguo.

Linalowapumbaza watu katika MySQL ni hili: ukilifuta faili la hazina seva ikiwa imewaka, huenda pasitokee lolote. Wahudumu wanaendelea kusajili wagonjwa, ripoti zinatoka. Funguo zimo kwenye kumbukumbu ya mashine, na majedwali yaliyokwisha kufunguliwa yanaendelea kusomeka. Kosa linajitokeza siku seva inapowashwa upya. Kampala siku hiyo haiko mbali. Umeme ukikatika na betri ikiisha, inakuwa leo usiku.

Kwa hiyo anayegundua kosa la namna hii asiizime mashine, hata kama silika inamwambia aiwashe upya. Dakika hizo ndizo za kuokoa. Atoe data yote kwa mysqldump, programu ya MySQL ya kutoa nakala, wakati seva bado inaisoma, aiweke mahali salama, ndipo afikirie mengine. LUKS nayo iko hivyohivyo: vijisanduku vya funguo vikifutwa diski ikiwa wazi, data hunakilika hadi pale diski itakapofungwa.

"Nikiandika DELETE, ufunguo umekwisha."

SI KWELI, na hapa nitakaa kidogo.

Tuseme safari hii nia ni ya kweli: mradi umefungwa, na ufunguo lazima ufe ili data isisomwe tena na yeyote. Umewekwa katika jedwali la MySQL, kama waandishi wengi wa programu wanavyopenda kufanya. Fundi anaandika DELETE, mashine inajibu kwamba safu moja imeguswa. Ufunguo uko wapi?

Kwanza, uko kwenye ukurasa uleule wa diski. InnoDB, injini ya kuhifadhi ya MySQL, huiwekea safu alama ya kufutwa na kuiacha. Baadaye mchakato wa nyuma huiondoa na nafasi yake huhesabiwa kuwa huru, lakini hakuna anayeahidi kwamba baiti zile zimeandikwa juu. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, nayo huacha safu iliyokufa mahali pake mpaka usafishaji wake uitwao VACUUM upite. SQLite, iliyomo katika karibu kila simu, huziacha baiti pale pale isipokuwa umewasha kipengele chake cha kufuta kwa usalama au umeijenga upya hifadhidata nzima.

Pili, na watu wachache hulijua hili, amri ya kufuta yenyewe imetengeneza nakala mpya. MySQL 8.0 huandika kila badiliko katika kumbukumbu za mabadiliko ziitwazo binlogi, na huziwasha bila kuombwa. Kwa mpangilio wake wa kawaida, safu inapofutwa, binlogi huandika safu hiyo nzima jinsi ilivyokuwa kabla ya kufutwa. Ufunguo sasa umelala ndani ya faili jingine, na kwa kawaida faili hilo hukaa siku 30 kabla ya kutupwa. Kama kuna seva ya pili inayofuata ya kwanza, safu hiyo imesafiri mpaka huko nayo.

Tatu ni nakala rudufu, bakapu kama tunavyoziita. Ya jana usiku ina ufunguo. Ya mwezi uliopita inao. Ile iliyochukuliwa kwenye flashi na mfanyakazi aliyetaka kujaribu kitu nyumbani kwake, nayo inao. Bakapu za mysqldump zina jambo baya zaidi: hata kama majedwali yamesimbwa na MySQL, mysqldump huitoa data ikiwa imekwisha kusimbuliwa. Faili la .sql ni maandishi matupu, yanayosomeka kwa programu yoyote ya kufungulia maandishi. Unaweza kuua funguo zote duniani, na faili hilo litabaki na majina, tarehe za vipimo na majibu yake.

Nne ni diski yenyewe. Amri ya shred ya Linux huandika juu ya faili mara kadhaa, lakini maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba inategemea diski kuandika pale palipokuwa na data ya zamani. Diski za SSD hazifanyi hivyo. Huhamisha maandishi mapya kwenye chembe nyingine ili zisichakae upande mmoja. Ndiyo sababu busara ni kusimba diski tangu siku ya kwanza, ili siku ya mwisho kufuta vijisanduku vya LUKS kwa cryptsetup erase kutoshe. Hata hapo, uliza kama kuna mtu aliyehifadhi nakala ya kichwa cha diski, yaani ile sehemu ya mwanzo yenye vijisanduku. Nakala hiyo pamoja na nywila ya zamani hufungua kila kitu tena.

Nimeandika kirefu kwa sababu neno "imefutwa" likitoka kwenye skrini huaminiwa kama cheti. Skrini imesema tu kwamba jedwali halitaionyesha tena safu ile. OpenMRS yenyewe ina tabia ya karibu na hiyo: mhudumu akiondoa rekodi ya mgonjwa, mfumo huiwekea alama ya voided na kuiacha ndani. Kitabibu ni uamuzi wa busara, kwani makosa hurekebishika. Mgonjwa aliyeahidiwa kwamba jina lake limeondolewa anastahili kuambiwa tofauti hiyo.

"Skripti ni salama kuliko kufanya kwa mkono."

NUSU KWELI. Skripti huandikwa kwa utulivu, husomwa na jicho la pili, hujaribiwa kwenye mashine ya mazoezi. Kwa hilo nipo upande wake. Mtu aliyechoka akiandika amri moja moja saa mbili usiku si wa kutegemewa.

Ila skripti ina hatari zake. Nywila ikiandikwa moja kwa moja kwenye mstari wa amri, hubaki katika historia ya amri, na kwa muda inaweza kuonekana na mtumiaji mwingine wa mashine anayeorodhesha programu zinazokwenda. MySQL yenyewe hutoa onyo ukifanya hivyo. Iwekwe kwenye faili la mipangilio ambalo mmiliki peke yake anaweza kulisoma. Skripti pia huendelea mbele hata baada ya hatua kushindwa, isipokuwa umeiamuru isimame. Katika bash mstari wa set -euo pipefail mwanzoni huzuia maafa mengi. Fikiria skripti ambayo hatua ya kwanza ni kutoa bakapu na ya pili ni kufuta ufunguo. Diski imejaa, bakapu imetoka nusu, na hatua ya pili inatekelezwa kama kawaida.

Wengine hujipa moyo kwamba skripti ikikatika katikati hifadhidata itarudi ilivyokuwa. Kwa amri za DELETE zilizofungwa katika muamala mmoja, ni kweli. Amri za ALTER na DROP katika MySQL hujithibitisha zenyewe na haziwezi kurudishwa, na faili lililofutwa nje ya hifadhidata halina habari na muamala wowote.

"Kuzungusha ufunguo ni sawa na kuufuta wa zamani."

SI KWELI. Ukizungusha ufunguo mkuu wa MySQL, funguo za majedwali hufungwa upya kwa ufunguo mkuu mpya. Data yenyewe haisimbwi upya. Bakapu za mafaili zilizochukuliwa kabla bado zinahitaji ufunguo wa zamani, kama vile bakapu za SQL Server zinavyohitaji cheti cha wakati wake. Anayefuta wa zamani siku anapozungusha amezifanya bakapu hizo zote kuwa takataka, na hatalijua hilo mpaka azihitaji.

"Kufuta ufunguo ni njia halali ya kuharibu data ya wagonjwa."

KWELI, kwa masharti mazito. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, kuhusu usafishaji wa vifaa vya kuhifadhia unaitambua njia hii, ikiwa data ilisimbwa tangu mwanzo na nakala zote za ufunguo zinajulikana zilipo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka data binafsi ikiisha muda wake iharibiwe kwa namna ambayo haiwezi kurudishwa katika hali inayoeleweka, na inazihesabu kumbukumbu za matibabu kuwa data ya aina ya pekee. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka huohuo, Tanzania mwaka 2022.

Naona kipimo hicho cha sheria ni kizuri kwa sababu kinaangalia matokeo. Hakiulizi uliandika amri gani. Kinauliza kama mtu mwingine anaweza kuirudisha data. Kituo chenye ufunguo mmoja kwa wagonjwa wote kinaweza kuwafuta wote kwa pamoja, lakini hakiwezi kumfuta mmoja aliyeomba. Wajenzi wa mifumo wanaotaka kuheshimu ombi la mtu mmoja lazima wampe kila mgonjwa ufunguo wake tangu anaposajiliwa. Uamuzi huo hauwezi kuongezwa siku ya mwisho kwa skripti.

Uthibitisho uko katika jaribio ambalo vituo vichache hulifanya. Chukua bakapu halisi, ipeleke kwenye mashine nyingine isiyo na ufunguo, na jaribu kuirudisha. Kama lengo lilikuwa kuua data, jaribio lishindwe, na lishindwe kwa kila bakapu iliyopo, pamoja na binlogi na seva ya pili. Kama lengo lilikuwa kuiweka data hai bila usimbaji, jaribio lifaulu kabla ufunguo haujaguswa, na mhudumu wa kliniki, siyo fundi, afungue rekodi chache na kusema kwamba zimo kamili. Kisha yaandikwe kwenye karatasi: ufunguo upi, ulifungua nini, nakala zake zilikuwa wapi, nani aliidhinisha, na watu wawili waliokuwepo amri ilipotolewa waweke sahihi zao.